Namba ya Dirishani na Mafuta ya Barabarani

Ford F-150 ya mwaka 2015, yenye injini ya turbo ya lita 2.7 na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, iliuzwa Marekani ikiwa na karatasi dirishani inayosema maili 19 kwa galoni mjini, 26 barabara kuu, na 22 kwa wastani. Kwa hesabu tuliyoizoea sisi, hizo ni kilomita 8, 11 na 9.4 hivi kwa lita. Mwenye gari akilifungia tela zito nyuma, namba hiyo ya barabara kuu inaweza kushuka hadi karibu nusu. Hapo ndipo watu husema wamedanganywa. Mara nyingi hawakudanganywa. Walisoma jibu sahihi la swali ambalo si lao.

Tuanze na chumba linakotoka jibu hilo. Gari halitoki nje. Hupandishwa kwenye rola, magurudumu yakazunguka huku lenyewe limesimama, na dereva hufuata mstari kwenye skrini unaomwambia lini aongeze spidi na lini apunguze. Rola hutiwa ukinzani uliokokotolewa mapema, kwa kuliachia gari liserereke kwenye barabara tambarare, gia ikiwa huru, na kupima linavyopoteza spidi. Mafuta yenyewe hayapimwi kwenye tanki. Moshi hukusanywa kwenye mifuko na kaboni iliyomo huhesabiwa. Kwa kuwa kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, kiasi kilichotumika hujulikana kwa usahihi ambao pampu ya kituo cha mafuta haiwezi kuufikia.

Kipimo ni safi, basi. Tatizo liko kwenye safari inayopimwa. Safari ya mjini, iliyochorwa kutokana na njia za Los Angeles, ina urefu wa kilomita 17.8 na wastani wa kilomita 34 kwa saa. Ya barabara kuu huchukua dakika 13 tu, kwa wastani wa kilomita 78 kwa saa, na haivuki 97. Kasi hizo zilipangwa miaka ya 1970. Leo barabara nambari 130 ya jimbo la Texas ina sehemu inayoruhusu kilomita 137 kwa saa.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ililiona pengo hilo zamani. Kuanzia matoleo ya 1985 ilikata asilimia 10 kwenye namba ya mjini na 22 kwenye ya barabara kuu. Kwa matoleo ya 2008 ikaongeza vipimo vitatu: mwendo wa haraka unaofika kilomita 129 kwa saa, joto la nyuzi 35 kiyoyozi kikifanya kazi, na baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Hayo yalikuwa mageuzi ya maana, na namba za leo ziko karibu zaidi na maisha kuliko zile za awali. Lakini kiwanda kinaruhusiwa, kwa magari mengi, kufanya vile vipimo viwili vya zamani tu na kukadiria vilivyobaki kwa fomula iliyotokana na magari ya kila aina. Pikapu si gari la kila aina.

Kwanza ni mzigo. Uzito unaotumika kwenye kipimo ni wa gari lenyewe pamoja na kilo 136, yaani watu wawili hivi. Gari lililotengenezwa kubeba karibu tani moja linapewa namba likiwa tupu. Nasema wazi kwamba hili ndilo pungufu kubwa kuliko yote, maana linagusa sababu yenyewe ya kununua pikapu.

Mzigo huo ndio unaozifichua injini ndogo zenye turbo. Kwenye rola hung'ara, kwa sababu hazidaiwi nguvu nyingi na turbo haijitumi. Ukilipakia gari na kupanda mlima, turbo husukuma hewa zaidi, na mafuta hufuata hewa: uwiano wa kawaida ni kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Moshi ukipata joto la kuhatarisha mitambo, kompyuta huongeza petroli kupita uwiano huo ili kupoza. Petroli hiyo ya ziada haisukumi gari, na sehemu yake hutoka bila kuungua sawasawa.

Kisha upepo. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa spidi, kwa hiyo kwenye kilomita 120 kwa saa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 78, na uso wa pikapu ni mpana. Wapo wanaoshusha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite. Kwa kawaida haisaidii: mlango ukiwa juu, hewa hujizungusha ndani ya bodi na upepo hupita juu yake. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi lina faida zaidi.

Na mlima, ambao kwenye rola haupo. Chukua pikapu ya dizeli yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, inayotoka Mombasa kwenda Nairobi. Kuinyanyua mita 1,700 tu, bila kuhesabu upepo wala matairi, kunahitaji nishati ya megajuli 50. Lita ya dizeli ina megajuli 36, na injini hugeuza karibu theluthi yake kuwa kazi. Hizo ni lita 4 za kupanda peke yake, katika safari ya kilomita 480 inayoweza kula lita 60. Kwa hiyo anayepima safari ya kwenda bila ya kurudi anajionea gari lake vibaya, na anayepima ya kurudi tu anajisifu bure.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Jaza tanki mpaka pampu ikate, tembea, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita, kisha rudia kwa matanki kadhaa. Angalia matairi pia. Ukitoa 265/65R17 ukafunga 285/70R17, kipenyo huongezeka kwa asilimia 7, na dashibodi ikionyesha kilomita 100 umetembea 107. Wengi hulaumu tairi hizo kupita kiasi kwa sababu hiyo. Zinakula mafuta kweli, ila hesabu inazizidishia.

Tofauti ndogo kwenye pikapu ni pesa nyingi. Kwa kilomita 10,000, kushuka kutoka 9 hadi 7 kwa lita ni nyongeza ya lita 317. Gari dogo likishuka kutoka 18 hadi 15 linaongeza lita 111 tu, ingawa lenyewe limepoteza kilomita tatu kwa kila lita na pikapu mbili. Ndiyo maana kipimo cha Ulaya, lita kwa kilomita 100, humfaa zaidi mwenye pikapu.

Jambo moja linanisikitisha. Marekani, pikapu ambayo uzito wake wa juu kabisa ikiwa na mzigo unazidi kilo 3,856, kama F-250 na Ram 2500, hailazimiki kuwa na namba ya mafuta dirishani. Mkulima na mkandarasi, wanaochoma mafuta kuliko wote, hununua gari bila hata makadirio ya kubishana nayo.