Alama Nyekundu Mgongoni mwa Mtoto

Mara nyingi mtoto mchanga huota alama nyekundu mwilini majuma machache baada ya kuzaliwa. Huvimba upesi kwa muda wa miezi mitano hivi, kisha hutulia, na miaka ikipita husinyaa. Huo ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Si saratani, wala haukuletwa na kijicho cha jirani, wala na kosa la mama. Watoto walio wengi hawahitaji dawa.

Lakini ukiwapo katikati ya mgongo, hasa kiunoni, usipuuzwe. Pengine chini yake uti wa mgongo una kasoro iliyofichika. Na mara chache uvimbe hukua ndani, ukaubana mshipa mkuu wa fahamu. Dalili ndizo hizi: miguu kulegea, mtoto aliyekwisha kutambaa kuacha, mkojo kuzuilika. Hapo msikawie, maana mshipa huo ukibanwa mno huenda usipone tena.

Msiuchanje uvimbe huo wala kuuchoma, kwani hutoa damu nyingi. Mwende hospitali: Kinyonga kwa watu wa Kilwa, Sokoine mjini Lindi, au Nyangao. Ikihitajika, waganga watawapeleka Muhimbili, Dar es Salaam, penye mashine za kutazama ndani ya mgongo na mabingwa wa upasuaji. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari hiyo haingoji tena kivuko cha Rufiji.

Tena si kila mtoto atapasuliwa. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa habari ya mtoto aliyepewa propranololi, dawa ya moyo; kesho yake uvimbe wake ulibadilika rangi ukalainika. Leo ndiyo dawa ya kwanza kwa uvimbe huu wa wachanga ukihitaji tiba, na hata uliojificha ndani ya mgongo umepata kusinyaa kwayo.

Walakini, asipewe mtoto vidonge vya babu yake. Mganga hupima uzito na moyo kwanza. Mtoto na anyonye au ale kabla ya kunywa dawa, maana huweza kushusha sukari ya damu. Akitapika au akikataa chakula, asipewe, bali mganga aulizwe upesi. Mwenye pumu atajwe mapema.

Basi, akina mama, mnapowaogesha watoto, watazameni na mgongoni.