Kipepeo Aliyetoweka Akarudishwa

Mtu atokaye Ngara akielekea magharibi hufika upesi kwenye kilima cha makumbusho ya Nairobi. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon Museum, na mwaka 1964 ikapewa jina la Makumbusho ya Taifa. Humo wametunzwa wadudu wengi mno. Kila kipepeo amechomwa pini, na chini yake pana kijikaratasi chenye jina la mahali aliposhikwa na tarehe yake. Kijikaratasi hicho ni ushahidi: miaka ikipita, husaidia kujua kama aina ile ingali inaishi pale au imekwisha.

Miongoni mwa vipepeo wamo wadogo wanaoitwa warukaji. Duniani kuna aina zao zaidi ya 3,500. Mwili wao ni mnene, kichwa ni kipana, na ncha za vipapasio vyao zimepinda kama ndoana. Huruka kwa kasi, huku na huku. Viwavi wa aina nyingi hula nyasi. Hukunja jani na kulifunga kwa nyuzi za hariri, wakajificha ndani yake.

Habari za mmoja wao zafaa kujulikana. Wataalamu humwita Carterocephalus palaemon, naye ni wa rangi ya kahawia yenye madoa ya manjano. Zamani aliishi katika misitu ya England, kwenye nafasi zilizo wazi zipatazo jua na nyasi. Desturi ya kukata miti kwa zamu ilipoachwa, na mahali pengine misonobari ikapandwa, kivuli kikafunika nafasi zile. Hakuna aliyekusudia kumwangamiza. Alikosa jua na chakula. Kufikia mwaka 1976 alikuwa ametoweka England, akabaki magharibi ya Scotland tu. Mwaka 2018 wataalamu walileta vipepeo wa aina hiyo kutoka Ubelgiji, wakawaachilia katika msitu wa Rockingham.

Kenya ina aina zaidi ya 800 za vipepeo, na nyingi hutegemea misitu. Karura na City Park haziko mbali na Ngara. Nyasi ambazo mtu huziona kuwa magugu matupu zaweza kuwa nyumba na chakula cha kiumbe asiye na pengine pa kwenda. Basi, kumlinda kipepeo si kumkataza mtoto asimshike tu, bali ni kupalinda mahali akaapo.