LAMI YA ZAMANI CHINI YA GARI: KINGA AU MAFICHO YA KUTU?

Katika miaka ya 1960 na 1970, magari ya Land Rover na Peugeot 404 yalijulikana sana katika barabara za vumbi na tope za Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Baadhi ya magari ya umri huo yangali yakitembea, na chama cha msingi au mwanachama wa Magu aliye na gari kama hilo ana mali ya kutunzwa. Lakini uzima wa gari hilo haupimwi kwa rangi ya milango. Umo chini, nyuma ya lami nyeusi iliyopakwa kiwandani au kwa wakala gari lilipokuwa jipya.

Lami inavyogeuka adui

Lami hiyo ilikusudiwa kuzuia maji, mawe na kelele. Ikiwa mpya huwa laini na hushikamana na bati. Miaka inapopita, joto na hewa huikausha, ikawa ngumu na kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Maji huingia katika nyufa hizo yasipate njia ya kutoka. Bati lililo wazi hulowa na kukauka. Bati lililo chini ya lami iliyopasuka hukaa na unyevu siku nyingi, na kutu hulila kimya kimya.

Huku Magu yako mambo mawili yanayozidisha hali hiyo. La kwanza ni udongo mweusi wa mbugani, ambao wakati wa mvua hunata chini ya gari na kushika maji kwa muda mrefu. La pili ni mizigo. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari, lakini gari lililochukua samaki wa chumvi, au mifuko ya mbolea iliyopasuka, hubaki na chumvi sakafuni. Nayo chumvi huharakisha kutu.

Yafaa pia kuelewa umbile la gari. Bodi ya Land Rover za zamani kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, isiyooza kwa kutu kama chuma. Lakini chasisi yake ni ya chuma. Kwa hiyo bodi safi yaweza kumdanganya mwenye gari. Peugeot 404 ya saluni haina chasisi ya peke yake: sakafu na kingo zake ndizo zinazobeba uzito wote. Kutu ikila mahali hapo, kinachoharibika si uzuri wa gari, bali usalama wa dereva na abiria.

Kupima kwanza

Si kila lami yapasa kuondolewa. Lami iliyoshikamana imara na isiyo na nyufa iachwe ifanye kazi yake. Fundi agongegonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilicholiwa hutoa mlio mzito. Kisha achokoe nyufa kwa bisibisi. Lami ikibanduka vipande vipande, na upande wake wa ndani umeshika unga wa kutu, haina budi kuondolewa.

Namna ya kuondoa

Wakati mwema ni kiangazi, baada ya msimu wa kununua pamba na kabla ya mvua za vuli. Gari liinuliwe na kuegemezwa juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini.

Njia ya usalama zaidi ni ya mkono. Gari likae juani mpaka bati lipate joto na lami ilegee, kisha ikwanguliwe kwa bapa la chuma lenye makali butu. Mabaki yapanguswe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto wowote. Petroli isitumike kamwe. Moto wa kuyeyushia lami nao ni hatari, kwa kuwa tangi na paipu za mafuta zi karibu. Na kazi yoyote ya moto isifanywe jirani na ghala la pamba.

Baadhi ya lami za zamani zilichanganywa na nyuzi za asbesto, ambazo hudhuru mapafu, wala hazitambulikani kwa macho. Kwa sababu hiyo lami isisagwe kwa mashine wala kupigwa msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe kwa maji inapokwanguliwa, na watoto wakae mbali. Kitambaa cha kawaida puani hakizuii nyuzi hizo. Katika nchi za Ulaya ziko karakana zinazotumia barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ambayo huifanya lami kuwa kavu na kuvunjika. Lakini njia hiyo yataka mitambo ya gharama.

Mabaki yote yafungwe katika mifuko. Yasitupwe mtoni, maana maji ya Mto Simiyu huishia ziwani, na ziwa ndilo linywewalo na kuvuliwa samaki.

Baada ya kukwangua

Kutu iondolewe kwa brashi ya waya, mahali palipotoboka pachomelewe bati jipya, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na mwisho lami mpya. Matundu ya kutolea maji katika chasisi yazibuliwe na yasifunikwe tena. Desturi ya kupaka mafuta machafu ya injini haifai: huharibu mipira ya breki, na mvua huyapeleka mtoni.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupaka lami mpya juu ya ile ya zamani iliyopasuka. Gari hupendeza siku hiyo, na kutu huendelea gizani. Kwa hiyo kamati ya chama isiidhinishe fedha za lami mpya kabla fundi hajawaonyesha wajumbe bati tupu. Gari la chama ni mali ya kila mwanachama, na mali isiyokaguliwa hupotea bila mwizi.