Kidinga Popo, Homa Iliyopewa Jina na Wazee wa Unguja

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la kidinga popo redioni, wakadhani ni jina jipya lililobuniwa maofisini. Sivyo. Lilikuwa vinywani mwa wazee wa Unguja kabla ya tabibu yeyote wa Ulaya kuliandika.

Mwaka 1870, mji haujapumua bado kwa kipindupindu kilichoingia mwaka uliotangulia, ilizuka homa ya ghafla. Mtu hutoka nyumbani mzima, akarudi hajiwezi kwa maumivu ya viungo. Alikuwako mjini Dakta James Christie, Mskochi, aliyepata kuwa tabibu wa Sultani. Lililo jema kwake ni kuwa hakuona haya kuuliza. Wazee wakamwambia kuwa maradhi haya si mageni, yalipata kupita zamani (naye akakisia kiasi cha mwaka 1823), na kwamba huitwa kidinga pepo. Mwaka 1872 khabari hizo zilichapishwa katika jarida la matabibu la Uingereza, na jina letu likiwa juu ya makala. Baadaye akatoa rai kwamba neno dengi, lililoenea visiwa vya Amerika, limetokana na jina hili. Wanazuoni wa lugha hawajaafikiana juu yake.

Ajabu ni kuwa wataalamu wa siku hizi, wasomapo maelezo yake ya viungo vilivyouma muda mrefu, wengi huona ile ya 1870 haikuwa dengi bali chikungunya. Nalo ni jina la kwetu, la Wamakonde, maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Homa hiyo ilizuka Newala mwaka 1952. Dakta Marion Robinson na Dakta Lumsden wakaandika uchunguzi wao mwaka 1955.

Homa zote mbili huchukuliwa na mbu mmoja, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua humzuia; huyu huuma mchana, watoto wako chuoni na mama yuko jikoni. Wala hataki matope. Hutaka maji ya mtungi, pipa la uani, birika la udhu, kopo, kifuu, mpira wa gari uliotupwa. Mji Mkongwe, ambako maji hukatika na kila nyumba ikaweka akiba, ni kama amejengewa yeye. Mayai yake hugandama ubavuni mwa chombo, na huweza kukaa makavu miezi yakingoja maji. Kwa hivyo kumwaga hakutoshi. Chombo kisuguliwe kila wiki, kwani toka yai hata mbu ni kiasi cha siku 7 mpaka 10. Chuoni twawafundisha watoto adabu ya kufunika vyombo usiku. Kwa mbu huyu, na mchana pia vifunikwe.

Dar es Salaam ilipatwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na meli zavuka kila siku. Mwenye homa asijitibu malaria kwa kukisia, apimwe damu. Asprini asinywe, kwani huzidisha kutoka damu; apewe parasetamoli na vinywaji kwa wingi. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hapana. Wakati wa khatari khasa ni homa inaposhuka, watu wa nyumba wakafurahi na mgonjwa akaachwa peke yake. Tumbo likimuuma sana, au akitapika mfululizo, au damu ikimtoka puani au kwenye ufizi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane.