Kuitafuta Hati Iliyohama

Nilipokuwa nikitetea tasnifu yangu ughaibuni, mtahini mmoja alinisimamisha katika sura ya tatu. Humo nilikuwa nimenukuu takwimu za mvua kutoka ripoti ya idara moja ya serikali, nikaonyesha anwani yake ya intaneti. Mtahini aliifuata anwani ile asikute kitu. Idara ilikuwa imepanga upya tovuti yake. Nilisema kweli, lakini sikuwa na ushahidi. Nikapewa mwezi mmoja kuutafuta.

Mkasa huo si wa mwanafunzi peke yake. Mwaka 2014 wataalamu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kwamba yapata nusu ya anwani za intaneti zilizotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hazikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyokusudiwa.

Kasoro ni kwamba anwani ya kawaida hutaja mahali, haitaji kitu chenyewe. Dawa iliyobuniwa ni kuipa kila hati namba isiyobadilika, na kuwa na daftari linaloonyesha hati yenye namba hiyo iko wapi kwa sasa. Daftari mashuhuri la aina hii ni DOI. Shirika linalolisimamia liliundwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hebu tutazame mfano. Makala ya Watson na Crick juu ya umbo la DNA, iliyotoka katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, ina namba 10.1038/171737a0. Tarakimu 10 hulitambulisha daftari, 1038 humtambulisha mchapishaji, na zilizo baada ya mkwaju alizichagua mchapishaji mwenyewe. Msomaji makini ataona humo juzuu ya 171 na ukurasa wa 737, ingawa kompyuta haijali hayo. Ukiiandika namba hiyo baada ya doi.org/ utapelekwa makala ilipo leo. Naam, makala imeitangulia namba yake kwa zaidi ya miongo minne!

Hata hivyo, namba haijilindi. Mchapishaji akiihamisha hati bila kuliarifu daftari, msomaji atapotea kama mimi nilivyopotea. Kudumu huko ni ahadi ya watu, nayo ina ada na kazi ya ukarani isiyokwisha. Aidha, nyaraka nyingi za serikali hazina namba hizi. Kwa hizo, mwanafunzi na aandike jina la mtoaji, kichwa, mwaka, na tarehe aliyoisoma hati, kisha ajiwekee nakala.

Ripoti yangu niliipata siku ya ishirini na sita, kwa kichwa chake, katika rafu ya maktaba, imechapwa kwenye karatasi.