Fahamu: Kwa nini wahadhiri huwataka wanafunzi waandike blogu?
Kwa kawaida insha ya chuo kikuu husomwa na mtu mmoja tu, mhadhiri. Akishaisahihisha na kutoa alama, kazi imekwisha. Blogu ya darasa huongeza wasomaji: wanafunzi wenzake wanauliza, wanapinga, na mwandishi hulazimika kurudi kwenye hoja yake na kuitetea.

Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Mary Washington, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, kilianzisha mfumo wake wa blogu mwaka 2007 kwa kutumia programu huria ya WordPress. Mwaka 2013 kikapiga hatua nyingine: wanafunzi wapya wakaanza kupewa anwani zao wenyewe za tovuti na nafasi ya kuhifadhia kazi, ambazo wangeweza kuondoka nazo wakihitimu. Hilo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, maana katika mifumo mingi ya masomo ya vyuoni, muhula ukiisha maandishi ya mwanafunzi hufungiwa humo humo.

Hata hivyo, kuandika hadharani ukiwa bado unajifunza kunatisha, na hofu hiyo iheshimiwe. Mwanafunzi aruhusiwe kutumia jina la kubuni, au ukurasa wake usomwe na darasa pekee.