Kufufua Neli za Neoni za Zamani

Baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyoundwa katika Muungano wa Kisovieti havikuwa na mshale wala tarakimu. Mahali pake ilisimamishwa neli nyembamba ya kioo yenye gesi ya neoni, na ndani yake mwanga wa rangi ya machungwa ulipanda na kushuka kama zebaki katika kipimajoto. Neli zilizojulikana zaidi ni IN-9 na IN-13. Muungano huo ulivunjika mwaka 1991, na neli zilizosalia zimelala ghalani kwa miongo kadhaa. Fundi azijaribupo huona nyingine ziking'aa vipande vipande, naye huzitupa akidhani zimekufa. Mara nyingi amekosea.

Ndani ya neli umo waya mrefu, ambao ndio kathodi, anodi huuzunguka. Volti zikifika 140 hivi, gesi huanza kupitisha umeme, na ikishawaka, volti zipatazo 100 hutosha kuidumisha. Ioni za neoni huvutwa na kathodi, huigonga na kuitoa elektroni, na mwanga hutanda juu ya waya hapo hapo. Sasa ndilo jambo la ajabu: katika hali ya kawaida, kila sehemu ya kathodi inayong'aa hubeba mkondo ule ule. Mkondo ukiongezwa, mwanga hauzidi ukali, bali hutafuta eneo jipya la waya. Ndiyo maana urefu wake huwa kipimo. IN-13 hujaa kwa miliampea zinazokaribia 5, nayo ina kathodi ndogo ya ziada inayoulazimisha mwanga uanzie mwisho mmoja. IN-9 haina msaada huo.

Waya uliokaa miaka mingi bila kutumika hushika uchafu. Penye uchafu elektroni hutoka kwa shida, hivyo mwanga huparuka mahali hapo na kutua penye urahisi.

Kwa majaribio huhitajika umeme wa mkondo usiobadili mwelekeo, tuseme wa volti 200, pamoja na rezista. Neli ikichukua volti 100, rezista hubaki na 100. Ili zipite miliampea 4, kanuni ya Ohm yataka omu 25,000. Bila rezista mkondo hukua pasipo kizuizi na neli huharibika. Ncha zikigeuzwa, huwaka anodi. Yafaa kukumbuka kwamba volti 200 huua, na kwamba kapasita huweza kushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Mwanafunzi asifanye kazi hii bila mwalimu.

Dawa ya neli chafu ni umeme wenyewe. Huachwa ikiwaka kwa mkondo wake wote kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa, na ioni huusugua waya kama mchanga usuguavyo sufuria. Mapengo hupungua polepole. Asiye na subira huzidisha mkondo, na hapo chembe za metali hurushwa kwenye kioo na kukitia weusi usiofutika.

Neli iliyoingiwa na hewa ni jambo jingine. Haiwaki kabisa, au hutoa rangi ya zambarau, wala hakuna wa kuiponya. Iliyosafika hujulikana kwa mkondo unaopandishwa taratibu kutoka sifuri: mwanga hupanda bila kuruka, kisha hushuka kwa njia ile ile.